Siku Niliyoshindia Krimu ya Chokoleti

Siku moja naikumbuka mpaka ladha yake, mwanangu. Ilikuwa asubuhi ya baridi, ukungu wa Meru umeshuka hadi kwenye migomba yetu, nami nimesimama uani miguu peku. Bibi yangu mzaa baba akanikabidhi mundu mkono huu, na mkono huu bakuli lililojaa krimu ya chokoleti. Akaniambia, "Haya. Hiki ndicho chakula chako mpaka jua lizame. Ukigusa kingine, nitajua."

Nami kwa upumbavu wangu nikacheka kwa furaha. Nilidhani nimepewa zawadi.

Ngoja nikae vizuri kwanza, magoti haya hayana adabu siku hizi. Sogeza huo mto. Mlete mtoto huku nimpakate, nawe unywe uji wako ungali moto. Mtu anaweza kunisikiliza huku anakunywa, sitakasirika.

Jana nilipoingia chumbani kwako nilikuona, Neema. Usishtuke, sikuja kukugombeza. Nilikuona na kile kikopo cha plastiki walichokuletea rafiki zako wa Kijenge, krimu ya chokoleti ya dukani, ile ya kupaka keki. Kijiko kilikuwa kinatoka kwenye kikopo kinaingia kinywani moja kwa moja, hata mkate hakikuupitia. Sufuria ya mtori wa ndizi niliyokupikia tangu alfajiri iko pembeni, imefunikwa vilevile kama nilivyoiacha. Ukaniambia, "Bibi, mtori umenichosha. Na hii ina maziwa na siagi, itanipa nguvu ya kunyonyesha." Nikatoka nje nikacheka mpaka jirani akachungulia uani kuuliza kuna nini. Sikukucheka wewe, mwanangu. Nilijicheka mwenyewe, maana maneno hayohayo, tena kwa kujiamini hivyohivyo, yaliwahi kutoka kinywani mwangu, wakati Mwingereza bado anatawala nchi hii na mimi ningali na meno yangu yote.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane. Miaka miwili nilikuwa nimefanya kazi jikoni kwa mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa, upande wa chini wa Moshono. Mpishi wa nyumba ile alikuwa Mzee Shabani, mtu wa Tanga aliyehamia Arusha na kujenga mjini, Mwislamu mcha Mungu, kofia yake nyeupe kila siku utadhani ni Idi. Mimi nilimenya viazi, nilichochea kuni, nilifua vitambaa vya meza. Lakini Jumamosi ya keki, Mzee Shabani alikuwa ananiita, "Eliapenda, njoo uone mambo."

Na kweli yalikuwa mambo! Anachukua siagi, anaichapa kwa mwiko wa mbao mpaka inabadilika rangi na kuwa nyeupe. Anachekecha sukari laini, ile iliyosagwa ikawa unga, anaimwaga kidogo kidogo. Halafu kakao, kahawia, inapanda puani mpaka unapiga chafya. Maziwa ya uvuguvugu matone machache, chumvi punje mbili tatu, na mwiko unaendelea. Mwisho unapata kitu kinachong'aa, laini, ambacho kisu kikipita juu yake kinaacha njia. Nilikuwa naramba mwiko nyuma ya mlango nikijiona niko peponi.

Siku moja Mzee Shabani alinikuta narudi kwenye bakuli mara ya nne. Akaninyang'anya mwiko. "Binti," akasema, "hii ni nguo ya keki. Keki haiwezi kutoka uchi mbele ya wageni, kwa hiyo tunaivisha. Umewahi kuona mtu anakula nguo?" Nikacheka. Nilidhani anafanya mzaha tu, wazee wa pwani wanapenda mizaha.

Basi yule mzungu akauza shamba, wakafunga safari kurudi kwao. Mama mwenye nyumba alitugawia vilivyobaki stoo. Mimi nikapata makopo mawili makubwa ya kakao, mifuko ya ile sukari laini, na mwiko wenyewe. Nilipanda mlima kurudi nyumbani na mzigo huo kichwani, shingo imenyooka, nikisalimia kila niliyekutana naye ili aniulize nimebeba nini. Nyumbani wakaanza kuniita mpishi wa Ulaya, nami nikaitika.

Sasa hapo ndipo pa kunisikiliza vizuri. Haya, meza huo uji.

Wiki zile zile nilizorudi, wifi yangu Naomi, mke wa kaka yangu Joeli, akajifungua mtoto wa kiume, mtoto wa kwanza. Boma zima lilipiga vigelegele. Nawe umezaliwa mjini, mengi hukuyaona, kwa hiyo nikueleze: kwetu mzazi alikuwa hatoki nje miezi mitatu. Kazi yake ilikuwa moja tu, kula na kunyonyesha. Mtori wa ndizi na mifupa asubuhi, mtori jioni, katikati uji wa ulezi, maziwa, samli, nyama akiitaka. Siku ya kutoka, wanawake wa ukoo wote wanakuja kumwangalia. Wanamshika mikono, wanamtazama mashavu. Akitoka amenenepa na mtoto amenenepa, boma lenu linasifiwa. Akitoka amekonda, mama mkwe hana pa kuficha uso, na ukienda kanisani Jumapili utasikia kikohozi cha kila mtu.

Mama yangu alianza kazi hiyo vizuri. Lakini mtoto hajatimiza hata mwezi, habari ikaja kwamba dada yake mama, aliyeolewa upande wa pili wa mlima, ameanguka akavunjika mguu. Mama ikabidi aende. Akanishika bega mlangoni. "Eliapenda, nakuachia Naomi na huyu mtoto. Mtori asubuhi na jioni. Umenisikia? Nikirudi nataka niwakute wawili."

"Mama, wewe nenda," nikamjibu. "Utawakuta kama ndama."

Siku ya kwanza nikapika mtori. Siku ya pili nikapika. Siku ya tatu Naomi akalitazama bakuli, akageuza uso ukutani. "Wifi, haki ya Mungu, mtori huu umenifika hapa," akasema, akajishika koo. Nami nikamwonea huruma kweli, maana tulipendana sana, tulikuwa karibu umri mmoja. Nikakaa pembeni ya kitanda nikafikiri. Hapo ndipo akili ya jikoni kwa mzungu iliponipanda kichwani.

Nikajiuliza, mzazi anatafuta nini kwenye mtori? Mafuta. Na krimu ya chokoleti ina nini? Siagi tupu! Anahitaji maziwa? Nayo yamo. Anahitaji nguvu? Sukari si ndiyo nguvu yenyewe? Juu ya yote, kopo la kakao lilikuwa na picha ya mtoto wa Kizungu, mashavu mekundu yamevimba, ameshika kikombe, na chini yake maneno ya Kiingereza. Kiingereza changu kilikuwa cha jikoni, lakini neno la afya na neno la nguvu niliyatambua. Sikujiuliza kwa nini yule mtoto kwenye picha ameshika kikombe cha maziwa na wala hakushika bakuli la sukari. Hilo nililiona baadaye sana.

Siagi tulikuwa nayo ya nyumbani, ya kutikisa kwenye kibuyu. Nikachapa, nikachekecha, nikakoroga. Nikampelekea Naomi bakuli. Akaonja ncha ya kijiko. Macho yakamtoka!

"Wifi! Hiki ni nini?"

"Chakula cha wazazi wa Ulaya," nikasema. Uongo mtupu, Mungu anisamehe.

Akala lote. Akacheka, nami nikacheka, mtoto akashtuka akaanza kulia, tukacheka tena. Kuanzia hapo kila siku ikawa hivyo, asubuhi bakuli, mchana bakuli, jioni bakuli. Uji akauacha, maziwa akayaacha, akisema amejaa. Na kweli alijisikia amejaa, mwanangu, kama wewe jana. Sukari na mafuta vinafunga tumbo upesi, halafu mwili unabaki unauliza chakula kiko wapi.

Utaniuliza mtori ulikwenda wapi. Niliendelea kuupika, maana majirani wangeshangaa wasipoona moshi na harufu ya mifupa. Kuumwaga niliona dhambi. Basi nikaula mimi. Eh! Mtori wa asubuhi mimi, mtori wa jioni mimi, samli mimi, uboho wa mifupa nafyonza mimi.

Siku chache zikapita. Mtoto akaanza kubadilika. Alikuwa ananyonya, anaachia, analia, anatafuta tena. Hakulala mchana, hakulala usiku, macho makavu yanatazama dari. Naomi naye akawa halali, moyo unamwenda mbio, na kila akimweka mtoto upande huu analalamika maziwa hayashuki kama zamani. Mkono wake niliuona umepungua, pete ya ndoa inazunguka kwenye kidole. Nikaogopa. Nakwambia kweli, niliogopa mpaka nikawa sisikii utamu wa mtori. Na nilifanya nini? Nikaongeza kakao! Nikasema moyoni labda naiweka kidogo mno.

Asubuhi ya siku ya kumi na mbili tangu bakuli la kwanza, mbwa wakabweka kwa furaha, nikajua ni bibi. Boma lake lilikuwa juu yetu, karibu na msitu, na hakuwa anashuka ovyo. Alikuja na fimbo yake na kibuyu cha maziwa mgando kwapani. Mdogo, mkavu, masikio yamening'inia, jicho moja limeingia ukungu, lile jingine linaona kwa niaba ya mawili.

"Shikamoo, bibi," nikamwamkia. Kimeru ndicho tulichosemezana, lakini nakugeuzia Kiswahili maana najua wewe Kimeru unasikia cha kuombea chumvi tu.

"Marahaba." Akanitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, polepole. Akanibana shavu, akanishika mkono hapa juu. Akaingia ndani, akamtazama Naomi, akamshika mkono palepale aliponishika mimi. Halafu akarudi mlangoni akaita kwa sauti, kana kwamba anauliza kijiji kizima:

"Jamani, nani amezaa nyumba hii? Nimpe pole yupi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Naomi akaangua kilio palepale, na mtoto naye akafuata. Bibi akamchukua mtoto, akamgusa utosi, akamwekea kidole cha mwisho mdomoni, yule mtoto akakikamata kwa pupa ya kutisha. Bibi akakunja uso. Akasema neno moja tu, "Nieleze."

Nikamweleza yote. Nikamletea na kopo, nikamwonyesha picha. Nikamtetea yule mtoto wa mashavu mekundu kama vile ni ndugu yangu. Bibi akachovya kidole kwenye bakuli, akalamba. Akachovya tena.

"Mh. Tamu."

"Ndiyo, bibi."

"Tamu kweli. Na inatosha mtu kushinda nayo?"

"Inatosha kabisa, bibi! Ina siagi, ina maziwa, ina..."

"Basi vizuri. Kesho utashinda nayo wewe."

Jioni ile ile alimpikia Naomi mtori mwenyewe. Alikaa naye kitandani, kijiko kwa kijiko, akimsimulia mambo ya wakati wake mpaka Naomi anakula bila kujua. Alitia majani ya mnafu kidogo ndani, alikamulia ndimu ili kinywa kibadilike. Mimi nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba mtu akichoka na mtori, dawa ni kuubadilisha ladha.

Kesho yake ndiyo ile asubuhi ya mundu na bakuli.

Nilianza vizuri, usinicheke. Nikala vijiko saba nikiwa nimesimama, nikajifuta mdomo, nikaenda mferejini kuchota maji safari mbili, naimba. Nikashuka bondeni kukata majani ya ng'ombe. Ng'ombe wetu walikuwa wanakula zizini, majani yote yalipanda mlima juu ya vichwa vya wanawake. Mzigo wa kwanza niliupandisha bila shida. Nikaweka kata ya majani ya mgomba kichwani, nikapanda huku nikijiambia, mzungu ana akili jamani, kijiko kimoja na mtu anapaa.

Mzigo wa pili nguvu zikaniacha ghafla. Zile nguvu za vijiko saba ziliondoka kama zilivyokuja. Mundu ukaniponyoka ukanikwaruza kidole, jasho likanitoka kwenye baridi ile. Nikakimbilia bakuli nililoliacha kivulini, nikala tena. Nikainuka kidogo, halafu nikaanguka chini zaidi ya mwanzo. Kiu! Nikalala kifudifudi mferejini nikanywa maji kama ng'ombe. Moyo unapiga, kichwa kinagonga, tumbo limejaa na bado lina njaa. Nilipofungua lile bakuli mara ya tatu harufu ya kakao ikanipanda, na mimi, Eliapenda mpishi wa Ulaya, nikatapika kwenye majani ya ng'ombe.

Nikapanda nyumbani bila mzigo. Jua lilikuwa halijafika hata utosini. Na bibi, Mungu amrehemu, alikuwa amekaa njiani kabisa, mahali nisipoweza kumpita, anachoma ndizi mbichi kwenye makaa. Pembeni ana kibuyu chake cha maziwa mgando. Anaikwangua ndizi, anaimega, anapuliza, anakula taratibu na meno yake matatu. Harufu ile! Mpaka leo sijanusa kitu kizuri kama ndizi ile.

"Bibi," nikasema, "naomba ndizi."

"Ya nini?" Hata hakuinua macho. "Si una siagi? Si una maziwa? Una na kopo lenye picha."

"Bibi, nakufa njaa."

"Ala! Tangu lini? Si umekula asubuhi hii hii?"

Nikakaa chini kwenye vumbi nikaanza kulia. Kulia kwa mtoto mdogo kabisa, kwa kwikwi. Bibi akaiweka ndizi chini. Akaniangalia kwa lile jicho lake moja, na halikuwa na mzaha tena.

"Eliapenda, wewe umekaa nayo nusu siku tu," akasema. "Naomi amekaa nayo siku kumi na mbili. Na Naomi hali peke yake. Ana mtu mdogo ambaye mlango wake wa chakula ni yeye. Hicho ulichokisikia kule bondeni, huyo mtoto amekisikia siku zote hizo, naye hana mdomo wa kuomba ndizi. Amelia tu."

Mwanangu, hakunichapa wala hakunitukana, lakini nilihisi moyo unapasuka. Nilimwona yule mtoto anavyotafuta ziwa na macho yake makavu, nikajua ni mimi niliyemfanyia. Nikalia kilio kingine, cha mtu mzima sasa. Bibi akaniacha nilie. Halafu akachagua ndizi iliyoiva vizuri motoni, akaipangusa majivu, akanitia mkononi, akanisogezea na maziwa. "Kula. Ukimaliza uende ukamwombe wifi yako radhi. Halafu njoo nikufundishe mtori, maana huo unaoupika wewe hata mimi ningegeukia ukuta."

Nikala huku nalia na huku nacheka. Nilikwenda kwa Naomi nikapiga magoti. Yeye, badala ya kukasirika, akanivuta tukakumbatiana. "Wifi," akaninong'oneza, "usimwambie bibi, lakini ilikuwa tamu." Tukacheka mpaka tukapigiwa kelele kutoka jikoni.

Haikuchukua muda. Siku ya tatu maziwa yalikuwa yanamlowesha Naomi nguo. Siku ya nne mtoto alinyonya, akaachia mwenyewe, akalala mdomo wazi, ameshiba mpaka anakoroma. Sisi wanawake watatu tulikaa tukimtazama analala kana kwamba hatujawahi kuona mtu amelala. Bibi alishuka kila siku mpaka mama aliporudi, na mama alipofika akawakuta wawili, kama alivyoagiza. Habari ya bakuli alisimuliwa na bibi mwenyewe, na kwa miaka mingi nikifanya jambo la kijuaji nyumbani, mama alikuwa ananiuliza tu, "Nikuletee mundu?"

Sasa sikia mwisho wake, ndio ninaoupenda. Ilipokaribia siku ya Naomi kutoka, bibi akaniita. Nikadhani kuna kosa jingine. Akaniambia, "Ile krimu yako imebaki?"

"Nusu kopo la kakao, bibi, na sukari mfuko mmoja. Nilitaka kuwapa kuku."

"Kuku! Umerogwa? Tengeneza keki, uivishe. Kidogo."

Nilioka keki kwenye sufuria, moto chini na makaa juu ya kifuniko, kama alivyonionyesha Mzee Shabani tulipokuwa nje ya jiko la mzungu. Mayai ya kwetu, siagi ya kwetu. Ilipopoa nikaipaka krimu kwa kisu, nyembamba, laini, inang'aa. Siku ile Naomi alitoka nje, amejaa, mashavu yanang'aa kuliko keki, mtoto ana mikunjo mitatu kwenye kila paja. Vigelegele vilisikika mpaka barabara ya Moshi, nadhani. Watu wakala kwanza mtori, loshoro ya mahindi na maziwa mgando, nyama, wakashiba. Ndipo bibi akasimama kugawa keki mwenyewe. Kila mtu kipande kidogo, na kwenye bakuli lenye mabaki ya krimu, kila mtu kidole kimoja. Kimoja! Mzee wa kanisa alijaribu kurudi na kidole cha pili, akapigwa kofi la mkononi mbele ya wote.

Mtu mmoja kwa mzaha akataka kumwekea mtoto kidogo mdomoni. Bibi akamvuta mtoto kifuani. "Huyu hapana. Huyu fungu lake anyonye kwa mama yake. Fungu lake la krimu tutamwekea mpaka aote meno." Kisha akageuka akaniambia taratibu, mimi peke yangu, "Umeona? Ni kitu kizuri sana. Ulikipeleka tu mahali ambapo si pake."

Basi, Neema, ninayotaka kukuambia ndiyo haya. Sikukatazi kikopo chako. Mimi nimekipenda kitu hicho tangu hujafikiriwa, na nikifa mniwekee keki yake kwenye matanga. Lakini ujue ni nini unachokula. Ni sukari na mafuta, na kakao ya kunukia. Inakupa nguvu za kupanda mzigo mmoja, mzigo wa pili inakuacha bondeni. Haina nyama ndani yake, haina maharage, haina mchicha, wala haina maji, na wewe sasa unatengeneza maziwa ya mtu mchana na usiku. Tena kakao ukiila nyingi inakunyima usingizi, na mtoto naye anaweza kukesha. Kwa hiyo kula mtori kwanza. Ukikuchosha, niambie nitie ndimu, au nikupikie samaki, au maharage ya nazi kama ya pwani, mimi si bibi wa mtori tu. Kunywa uji, kunywa maji. Ukishashiba, paka krimu yako kwenye kipande cha mkate, nyembamba kiasi cha kuuona mkate chini yake, ule ukicheka na mumeo. Halafu funika kikopo ukirudishe kabatini. Kingine kitunze kwa siku za kusherehekea, na siku hizo uwagawie watu, maana peke yako chumbani haina hata utamu wake wote. Huyu mdogo hapana, hata kwa ncha ya kidole, mpaka wakati wake ufike. Na ukiona mtu amekuletea kitu kipya chenye picha nzuri, kipokee kwa mikono miwili, ila uulize kinakaa wapi katika nyumba ya chakula kabla hujakipa kiti cha mtori.

Na yule mtoto wa mapaja ya mikunjo, aliyenililia siku kumi na mbili kwa ujuaji wangu? Walimbatiza Elifuraha. Ndiyo, mwanangu, ndiye babu yako huyo huyo, baba wa mama yako, anayejikohoza hapo barazani tangu nianze kusema, maana ameona kikopo. Meno aliyaota, akayatumia, sasa yameshamwisha yote, na fungu lake la krimu bado nalikumbuka. Chukua kijiko. Hapana, acha kijiko. Mpelekee kikopo achovye kidole. Kimoja. Akijaribu cha pili, mpige kofi la mkononi, mwambie umetumwa na shangazi yake Eliapenda.

Nawe, Mungu wa mlima huu na wa mabonde yake yote akujaze maziwa yasiyokauka. Mtoto wako anyonye, aachie mwenyewe, akorome. Siku ya kutoka kwako wakutazame mashavu wakose la kusema. Na uishi, mwanangu, mpaka nawe uwe kizee mwenye meno matatu, umekaa njiani unachoma ndizi, unamsubiri mjukuu wako apande kutoka bondeni.